Treni ikianguka mpakani Sakania, nani ana amri na nani ana ruhusa ya kuvuka?

Swali limetoka kwa mjitoleaji wa Msalaba Mwekundu huko Sakania, upande wetu wa Kongo (DRC), mpakani na Zambia:

"Maître (wakili), treni ikianguka upande wa Zambia, karibu kabisa na mpaka, na sisi tunasikia watu wakilia, je, naweza kuvuka na wenzangu bila pasipoti? Na wazimamoto wa Ndola, Zambia, wakitangulia kufika upande wetu, wana haki ya kututoa nyumbani, kuchukua gari la mtu au kumfunga anayeiba mizigo? Mkubwa wetu anasema siku ya ajali sheria inalala. Ni kweli?"

Mdogo wangu, mwambie mkubwa wenu, kwa heshima zote, kwamba siku ya ajali sheria iko macho. Pengine inalegeza, pengine inabana zaidi kuliko siku za kawaida, na shida ni kwamba watu wengi wanadhani inalegeza pale hasa inapobana.

Jibu fupi ni hili, ulikariri, maana siku ile hutapata nafasi ya kusoma. Mnaweza kuvuka kama upande wa pili umewaita na watu wa mpaka wa pande zote mbili wamewapitisha. Wazimamoto wa Ndola nao wakija kwetu wanaweza kuzima moto, kukata chuma, kubeba majeruhi. Lakini vyeo vyao havina nguvu huku: hawawezi kuhamisha mtaa, kuchukua gari wala kumweka mtu kizuizini. Mikono inavuka mpaka, amri haivuki.

Sababu yake ni rahisi. Nguvu ya mtu mwenye sare haitoki kwenye sare, inatoka kwenye sheria iliyomtuma. Zambia wana Sheria ya Kusimamia Majanga, namba 13 ya mwaka 2010, na kitengo chao cha maafa kiko chini ya ofisi ya Makamu wa Rais. Hiyo ni sheria nzuri, lakini inaishia kwenye nguzo ya mpaka. Ukiisogeza mita mia moja kuelekea kwetu, inakuwa karatasi tu. Sheria zetu nazo zikifika kwao ni hivyo hivyo. Na Umoja wa Mataifa, katika azimio 46/182 la mwaka 1991, uliweka wazi kwamba msaada wa kibinadamu unaingia katika nchi kwa ridhaa ya nchi yenyewe.

Kwa nini swali hili linatuhusu sisi kuliko watu wa Kinshasa? Kwa sababu reli yetu ilizaliwa kutoka kusini. Mwaka 1910 treni ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikipitia Sakania, na mpaka leo upana wa reli ni ule ule pande zote mbili, milimita 1067. Behewa linatoka Ndola linaingia kwetu bila kubadilisha gurudumu. Shaba inateremka, salfa, asidi na mafuta vinapanda. Njia yenyewe, kutoka Tshinsenda kupita Mokambo hadi Sakania, inatembea kando kando ya mpaka, kwa hiyo ajali ya nchi moja inaweza kunuka hadi nchi ya pili upepo ukigeuka.

Sasa tuingie kwenye kuvuka, maana hapo ndipo naona mnaweza kupata matatizo.

Kanuni yetu ya adhabu, kifungu 66 ter, inamwadhibu mtu anayekataa kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini, wakati angeweza kumsaidia bila hatari kwake au kwa wengine. Wajitoleaji wengi wanakijua kifungu hiki nusu. Nusu ya pili inasema msaada huo unaweza kuwa wa mikono yako mwenyewe au wa kuita waokoaji. Maana yake, ukiwa Sakania ukapiga simu Ndola, ukamwambia mkuu wa kituo cha treni na afisa wa DGM (idara yetu ya uhamiaji), ukawasha taa na kuonyesha njia, umetimiza wajibu wako. Kifungu hicho hakikutumi kuruka mpaka. Asikudanganye mtu kwamba utafungwa Lubumbashi kwa sababu hukuvuka.

Je, na ukivuka hivyo hivyo, ukamtoa mtoto kwenye behewa linalowaka? Mwanasheria atakutetea kwa hoja ya hali ya dharura: kwamba ulivunja sheria ndogo ili kuokoa kitu kikubwa, na hapakuwa na njia nyingine. Hoja hiyo inakubalika katika sheria yetu, ingawa kanuni ya adhabu haijaiandika. Lakini iangalie vizuri. Ni utetezi, siyo kibali. Inatumika baadaye, mbele ya hakimu, ukiwa tayari umeshakamatwa. Na kosa la kuingia Zambia pasipo kituo rasmi utalijibu kwa Kiingereza mbele ya hakimu wa Zambia, siyo mbele yangu.

Na jile (kizibao cha kazi) yenye msalaba mwekundu? Inawaambia watu wewe ni nani, basi. Siyo pasipoti. Isitoshe, ndani ya Msalaba Mwekundu wenyewe kuna desturi ya siku nyingi kwamba chama cha nchi moja hakifanyi kazi katika nchi nyingine bila chama cha huko kukubali. Kwa hiyo ni Msalaba Mwekundu wa Zambia unaopaswa kuwaita, na kamati yenu ya mkoa ndiyo inayojibu. Mkienda kama kikundi cha vijana wenye moyo mzuri, hata bima yenu inaweza kuwakana.

Kwa vitendo, njia salama inakwenda hivi. Upande wenye ajali unaomba, hata kwa simu, na aliyepokea anaandika saa na jina la aliyeomba. Mkuu wa timu yenu anaandika orodha: jina, namba ya kadi ya mpiga kura, kazi ya kila mmoja, vifaa alivyobeba. Nakala moja kwa DGM, moja kwa wenzao wa Zambia, moja inabaki mfukoni. Mnavuka pamoja, mnaongozwa na mtu wa upande ule, mnarudi pamoja na kuhesabiwa. Hakuna uchawi hapo. Aliyeko kwenye bariyeri anaweza kufungua, na tumeshaona ikitokea: usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma waliingia Rwanda bila kupanga foleni ya mihuri. Wale walikuwa wakimbizi wa moto, siyo waokoaji, na hapo ndipo tofauti inapoanza: anayekimbia hatari anapokelewa kwa huruma, anayeifuata anaulizwa ametumwa na nani.

Ambulensi ina mambo yake. Kwanza bima: dhamana inayotambuliwa pande zote mbili ni kadi ya manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ikatwe kabla, siyo siku ya ajali. Pili, dereva wetu amezoea kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Usicheke, saa nane ya usiku king'ora kikilia, mazoea yanashika usukani. Tatu ni dawa, na hapa kuna jambo ambalo hata madaktari wengine hawalijui. Mkataba wa dunia wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao ndio unaosimamia mofini, unaruhusu sanduku la huduma ya kwanza lenye dawa hizo kuvuka mipaka likiwa kwenye meli au ndege. Treni haikutajwa. Mkataba wa mwaka 1971, unaohusu dawa za kundi la diazepamu, ndio uliotaja treni za kimataifa na mabasi. Na yote miwili inazungumzia sanduku linalosafiri ndani ya chombo chenyewe, siyo ambulensi inayokuja kuokoa. Kwa hiyo muuguzi akivuka na mofini bila barua ya daktari mkuu wa eneo la afya na bila kuitangaza kwa duane (forodha), kwa macho ya afisa mkali amesafirisha dawa za kulevya. Ushauri wangu ni mmoja: acheni mofini kwenu, watumie ya hospitali ya upande wa ajali. Ikibidi kubeba, ibebeni kwa hesabu ya chupa, na chupa tupu zirudi.

Twende kwenye eneo la ajali upande wetu. Nani anaamuru? Watu wanatafuta bosi mmoja, na sheria inawapa watatu, kila mmoja na kipande chake. Reli yenyewe ni ya SNCC, shirika la reli la taifa: mtu wao wa kuongoza treni ndiye anayesimamisha zinazokuja, na ndiye peke yake anayeweza kusema umeme umekatwa pale penye waya. Sehemu ya njia zao huku Katanga ina waya wa volti 25,000. Hata gavana akikuambia "ingia, umekatika", msubiri mtu wa reli. Usalama wa watu uko kwa serikali: msimamizi wa teritware (kama mkuu wa wilaya) pale Sakania, na juu yake gavana, ambaye kwa sheria namba 08/012 ya mwaka 2008 kuhusu mikoa ndiye mlinzi wa utulivu mkoani na ana polisi wa kumsaidia. Wa tatu ni parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka. Watu wakifa, mahali pale panakuwa pia mahali pa upelelezi, na OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) ana kazi yake, kwa ordonansi 78-289 ya mwaka 1978.

Hawa watatu hugombana wapi? Kwenye mabehewa. SNCC inataka kuyaondoa njia ifunguke, parke inataka yabaki yalivyo, muokoaji anataka kuyainua kuna mtu chini. Uhai unatangulia, na katiba yetu kifungu 16 inasema binadamu ni mtakatifu na serikali ina wajibu wa kumlinda. Inueni. Lakini kabla ya kuinua mmoja wenu apige picha nne, kila upande, na aandike nani ameagiza. Dakika moja hiyo itakuokoa wewe, maana miezi sita baadaye wakili wa kampuni atasema kwamba ni nyinyi mliosogeza kiungo kilichovunjika.

Wazimamoto wa Ndola wakiwa wametangulia, wao wanajua kazi na sisi tuna mamlaka. Dawa yake ni kuwaweka pamoja: polisi mmoja wetu asimame bega kwa bega na mkuu wao. Yule anasema "nyumba zile zitoke, upepo unaelekea huko", huyu anatoa agizo. Kwa mwananchi ni sauti moja, kwa sheria agizo ni letu. Lugha haitawasumbua, Kibemba kinatosha pande zote mbili.

Na kama behewa ni la tangi, mtu wa kwanza kufika, awe na sare au hana, atafute kibao chenye namba nne za Umoja wa Mataifa. 1830 ni asidi ya salfa, 1203 ni petroli, 1202 ni mazutu (dizeli). Namba hizo ni zile zile Ndola na Lubumbashi. Zisome kwa mbali, zipige kwa simu. Kijana akimwaga ndoo ya maji juu ya asidi nzito ya salfa, itachemka na kumrukia usoni. Na kwa petroli, kamba ya kuzuia watu ndiyo kazi yenu kubwa. Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukaua zaidi ya 200. Polisi akitoa agizo la kutosogea siku kama hiyo, anayekataa asiniite mimi kumtetea kwa furaha.

Umeuliza kuhusu nyumba, gari na mwizi. Nyumba haiguswi, ndivyo kifungu 29 cha katiba kinavyosema, isipokuwa kwa njia zilizowekwa na sheria. Kuvunja mlango kwa sababu kuna mtu ndani anakosa hewa ya kuvuta, hilo hakuna hakimu atakayelilaumu, awe aliyevunja ni Mkongomani au Mzambia. Kufungua kabati ukiwa humo ni jambo jingine kabisa. Gari nalo: kifungu 34 kinalinda mali ya mtu, na kuichukua kunahitaji mamlaka halali. Mzimamoto anaweza kukuomba lori lako, na kwa maoni yangu mpe, lakini dai karatasi ya msimamizi wa teritware au ya polisi: namba ya gari, kilomita zilizosomeka, mafuta yaliyokuwemo, saa. Nimeona wafanyabiashara waliotoa magari kwa moyo safi wakakosa hata pesa ya tairi, kwa sababu hapakuwa na karatasi.

Mwizi ndiye anayewashangaza watu. Kanuni ya mashitaka ya jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, kifungu cha 6, inasema kwa kosa linaloonekana linalotosha kifungo cha miaka mitatu au zaidi, mtu yeyote anaweza kumshika mhusika na kumpeleka mara moja kwa OPJ aliye karibu, kama pale hakuna OPJ wala mwenye mamlaka ya kushitaki. Mtu yeyote, ndiyo, na wizi unaingia humo. Kwa hiyo hata mzimamoto wa Ndola anaweza kumshika mkono anayebeba katodi za shaba. Anafanya hivyo kama binadamu yeyote aliyepita pale, siyo kwa cheo chake. Asimfunge kamba nusu siku, asimpige, asimvukishe kwenda Ndola. Polisi wetu wakishampokea, saa 48 za kifungu 18 cha katiba zinaanza kuhesabiwa.

Simu yako pia iko salama. Mwenye sare ya zimamoto au jile ya kampuni akikunyang'anya kwa sababu ulipiga picha, hana haki hiyo. OPJ anaweza kuichukua kama ushahidi, kwa PV (hati rasmi ya maelezo) yenye jina lako na aina ya simu. Ila uso wa maiti usiuweke mtandaoni. Hapo sina kifungu cha kukutajia, nakuomba tu.

Majeruhi asiye na karatasi nitamweka peke yake, kwa sababu kwetu ni wengi. Tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka Buyofwe, mkoa wa Lualaba, na waliokufa, kwa hesabu zilizotangazwa, walifika 75. Ilikuwa treni ya mizigo, haikupaswa kuwa na abiria. Maana yake hapakuwa na orodha ya majina popote. Mkikuta hali hiyo mpakani, msianze kuuliza "wewe wa nchi gani?" Kumuuliza mtu hati zake ni kazi ya DGM, na inaweza kusubiri kitandani mwa hospitali. Swali la muokoaji ni jina, anakosikia maumivu na namba ya ndugu. Maiti wa nchi nyingine hasogezwi kuvuka mpaka kwa hisani ya dereva: parke itoe ruhusa kwanza, kisha ubalozi mdogo wa nchi yake uandike. Wa Zambia uko hapa Lubumbashi.

Lakiri ya duane kwenye behewa ikatwe kama ndani kuna mtu au moto. Mwiteni afisa wa DGDA, idara ya forodha, baadaye aone na aandike. Hili ni dogo, ila wakala wa mizigo watakupigia kelele kuliko wafiwa.

Mkubwa wenu anaweza kuuliza kama kuna mahali duniani wanapofanya vizuri zaidi. Wapo. Uingereza na Ufaransa wana handaki la reli chini ya bahari, kilomita 50 na nusu, na mpaka uko katikati yake gizani. Walitia sahihi mkataba Canterbury mwaka 1986, kabla hawajalichimba, na itifaki ya Sangatte mwaka 1991. Wana mpango mmoja wa dharura wa nchi mbili, na kikosi cha upande mmoja kinaingia upande wa pili kwa kanuni zilizoandikwa tangu zamani. Novemba 1996 lori liliwaka moto ndani ya treni humo, na wazimamoto wa nchi zote mbili walifanya kazi pamoja chini ya ardhi. Sisi tuna itifaki ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) ya mwaka 1996 kuhusu uchukuzi, yenye sura yake ya reli, ambayo inazitaka nchi zipatanishe mambo yao. Kupatanisha huko hakushuki kutoka mbinguni hadi Sakania. Mtu lazima akae mezani na mtu wa Ndola.

Na hiyo meza haihitaji waziri. Mkuu wa kituo, msimamizi wa teritware, DGM, daktari wa eneo la afya na wenzao wa upande wa pili wanaweza kukubaliana kurasa mbili: nani anapiga simu kwa nani, wanavuka wapi, orodha inaandikwaje, nani anaamuru akifika. Hautakuwa mkataba wa nchi, na hautampa mtu nguvu asizokuwa nazo. Utaondoa tu ile saa moja ya kubishana kwenye bariyeri. Karatasi hiyo ikiwepo na ikawa na mihuri, hata hakimu atakayesikia kesi yako ataona hukuvuka kama mhuni.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Ukiungua na asidi ukiwa unaokoa, nani atakulipia matibabu? Kanuni ya raia, kitabu cha tatu, vifungu 258 hadi 260, inamwajibisha aliyesababisha madhara, na pia mwenye kitu kilichokuwa chini ya ulinzi wake kikadhuru. Unaweza kuidai kampuni ya reli au mwenye mzigo, lakini kesi hiyo itakwenda miaka, na kama uliungulia upande wa Zambia utaifungua huko. Kabla ya mvua kuanza, nenda kwa kamati yenu ya mkoa, waulize kwa maandishi kama bima ya wajitoleaji inafika ng'ambo ya mpaka. Wakijibu kwa mdomo, rudi na karatasi.